Mnauliza: Michoro ya Kikanisa cha Sistina, Vatikani

Ni kweli Michelangelo, msanii wa Kiitalia, alichora dari akiwa amelala chali?

Hapana, ingawa imesimuliwa hivyo miaka nenda rudi. Alisimama juu ya jukwaa, shingo kaipindua nyuma, rangi ikimdondokea usoni. Aliandika shairi kulalamikia mateso hayo na pembeni akajichora amesimama, mkono juu. Alianza 1508, akamaliza 1512.

Rangi imedumuje zaidi ya miaka 500?

Hapa ndipo penye utamu wote. Fresko, yaani uchoraji wa namna hii, haipakwi kwenye ukuta mkavu. Fundi hupiga lipu ya chokaa, kipande anachoweza kukimaliza siku hiyo tu, kisha hupaka rangi ya maji lipu ikiwa bado mbichi. Chokaa ikikauka hufyonza hewa ukaa na kuwa ngumu kama jiwe, rangi ikiwa imenaswa humo humo. Ukichelewa, haishiki. Ukikosea, unabandua na kuanza upya. Wataalamu waliopanda hadi darini waliona maungio ya vipande hivyo: mwili wa Adamu ulichukua siku 4. Hata Michelangelo ilimtoa jasho, maana mwanzoni lipu yake ilikuwa na maji mengi ikaota ukungu.

Kuna cha maana zaidi ya dari?

Kuta, jamani! Mnazipita bila kuzitazama, na inaniuma. Mwaka 1481 Papa Sixtus IV, ambaye kikanisa kinaitwa kwa jina lake, aliwaita wachoraji Botticelli, Perugino, Ghirlandaio na Rosselli wazichore. Upande mmoja Musa, upande wa pili Yesu. Tafuta mchoro wa Perugino, Yesu akimkabidhi Petro funguo. Michoro ya Perugino ya ukuta wa altare ilifutwa kupisha Hukumu ya Mwisho, mchoro wa Michelangelo; ni hasara ya kweli.

Kwa nini baadhi ya watakatifu wamefungwa vitambaa?

Hukumu ya Mwisho ilikamilika 1541, ikalalamikiwa kwa uchi wake. Biagio da Cesena, msimamizi wa ibada za Papa, alilalamika mapema. Michelangelo akampa Minos, hakimu wa motoni, sura ya Biagio, na masikio ya punda. Vitambaa viliongezwa baadaye na mchoraji Daniele da Volterra.

Picha zinaruhusiwa?

Haziruhusiwi. Beba darubini ndogo, na funika mabega na magoti.