Mnaokuja Pemba asubuhi na kurudi jioni, nina neno na nyie

Juzi dada mmoja wa Mwanakwerekwe kanitumia meseji, anataka kuwaleta wanawe Pemba skukuu, eti wapite msitu wa Ngezi, wakaogelee ufukwe wa Vumawimbi halafu jioni warudi, akamalizia na "au kwani kuna kitu gani huko zaidi ya karafuu?" na vikatuni vya kucheka.

Dada yangu sikukasirikii. Lakini hiyo kauli miye mzaliwa wa Konde, Pemba, nimeisikia mjini Unguja mpaka masikio yamechoka, kila nikiomba likizo ofisini lazima atokee mtu wa kuniuliza naenda kuchuma au kuanika. Sawa, tunachuma, tangu tufani ya 1872 ilipoing'oa mikarafuu ya Unguja kisiwa cha Pemba ndo kinabeba zao hilo, kwani aibu iko wapi?

Basi mwaka jana nikasema hawa wenzangu wa kazini nawaleta mwenyewe. Safari ya boti na barabara toka bandari ya Mkoani naziruka, mnazijua. Tumefika Ngezi pale kwenye kulipia, mkubwa wetu mmoja (simtaji, anajijua) kagoma kushuka kwenye gari, kavaa hedfoni zake, katizama dirishani akasema "kumbe pori tu". Wallahi iliniuma, na mpaka leo nikikumbuka inaniuma.

Tulioshuka tukaingia na mtembezaji wa msituni. Akatuonesha mpapindi, mti wa jamii ya mnazi ambao asili yake ni Pemba peke yake, na mivule ambayo ukitizama juu kofia inadondoka. Tukakaa hadi magharibi imeshapita, akatuambia nyamazeni, akapiga mluzi mmoja mfupi, kimya, akapiga tena, mara bundi akajibu karibu kabisa na sisi, akamulika tochi, kadude kadogo kametukodolea macho kwenye tawi. Bundi huyo duniani kote haishi pengine ila Pemba. Kuna dada wa uhasibu mdomo wake haufungi hata kwenye kikao cha mkurugenzi, siku ile alinishika mkono wa shati hakusema kitu. Asubuhi kwenye chai hadithi ikawa bundi tu, mkubwa akauliza jamani hatuwezi kurudi mara moja? Nikamwambia boti haisubiri bosi. Nilifurahi, sitadanganya.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, laleni. Bundi hatoki mchana. Watu wengi wanaupita msitu kwa gari kwenda ufukweni tu, ufukwe upo hata Nungwi huko Unguja ndugu zangu. Laleni Konde au Makangale, na mkitaka kulala kijijini kwa watu mumuone sheha, kiongozi wa serikali wa hapo, kwanza, msitokee tu na mabegi. Asubuhi fikeni Ras Kigomasha kwenye ule mnara wa taa wa 1900, na njiani kutoka mji wa Chake Chake ingieni kijiji cha Kidike mkawaone popo wa Pemba wananing'inia mitini, mbawa zikikunjuliwa zinapita mita 1 na nusu. Zamani tulikuwa tunawala hao, wakakaribia kwisha kabisa, wanakijiji ndo wakasimama kuwalinda. Msiwapigie makelele ili waruke mpate video!

La pili, salamu. Narudia, salamu. Mtu wa mjini anashuka kwenye gari simu iko juu anampiga picha bibi wa watu anaanika karafuu zake kwenye jamvi, hata shikamoo hakutoa, halafu akinuniwa anasema Wapemba wagumu. Ugumu gani? Mtolee shikamoo, muulize karafuu vipi mwaka huu, kaa chini, utaletewa chai na muhogo kabla hujauliza bei ya chochote. Na msiyakanyage majamvi, ile ni ada ya skuli ya mtoto wa mtu. Tunajifanya wastaarabu kwa sababu tunaishi karibu na soko la Darajani mjini Unguja, ustaarabu wenyewe tumeuacha kwa wazee wetu vijijini.

Wakati wa masika msije, njia za msituni zinajaa maji na matope, na kinamama vaeni viatu vya kufunga, sio kandambili. Mtembezaji naye mlipeni vizuri, msianze kuvutana bei na mtu aliyewatafutia bundi gizani.