Ukipangiwa kazi Tana River: kalenda ya mto kwanza

Barua ya kazi ikikufikia na kituo ni kijiji cha ukingoni mwa mto Tana, huko chini ya Garsen, wenzako watakupa pole kana kwamba umefiwa. Watakutajia joto, mbu na mamba. Vyote vipo, na vyote vinazoeleka. Nimekaa miaka mingi katika kazi ya afya ya jamii kwa Wapokomo, wakulima wa kingo za mto huo, na ninaowaona wakishindwa ni wale wanaokuja na ratiba ya ofisi na kutaka kijiji kiifuate. Kule mto ndio unaopanga mwaka.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, takriban kilomita 1,000, kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi unapoingia baharini Kipini. Kwa hiyo unaweza kuwa Ngao, kijiji cha huku chini, jua linawaka, hakuna wingu hata moja, na maji yanapanda. Ni mvua ya bara hiyo, imenyesha siku kadhaa zilizopita. Zamani mafuriko yalikuja masika na vuli, na wazee waliyapangia kilimo chao. Tangu yajengwe mabwawa ya juu, Masinga lililokamilika 1981 na Kiambere 1988 yakiwemo, hesabu imevurugika. Mwaka mmoja maji hayafiki kabisa na mpunga unakauka, mwaka mwingine mabwawa yanajaa, yanamwaga, na vijiji vinahamia barabarani. Jizoeze kusikiliza habari za mvua za Nyeri na Murang'a hata kama huna jamaa huko. Na kila asubuhi muulize mvuvi maji yamefika wapi. Atakuonyesha kwa mti.

Shamba la Mpokomo lina sehemu mbili, nawe uzijue zote. Kwenye kingo zilizoinuka kuna miembe na migomba. Nyuma yake, bondeni, ndiko kwenye mpunga, unaopandwa kwa maji ya mafuriko. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege huja kwa makundi, na hapo kijiji hubaki na vikongwe na kuku. Watu wako shambani wakiamia, yaani wakifukuza ndege, tangu alfajiri mpaka magharibi. Ofisa mgeni akifungua kliniki ya chanjo wiki hiyo akapata mama mmoja, huandika kwenye ripoti kwamba jamii haina mwamko. Mwamko wanao, ila mama yuko juu ya dungu, jukwaa la kulindia shamba, mtoto mgongoni, teo la kurushia mawe mkononi, na akishuka kwa saa tatu ndege watakula chakula cha miezi. Beba kisanduku chako cha chanjo umfuate. Nenda mapema kabla barafu haijaanza kuyeyuka, simama chini ya dungu, umwombe mwanawe mkubwa ashike zamu. Chanjo haichukui hata dakika tano.

Mtoto akilia, mwombe bibi yeyote aliye karibu amwimbie. Wimbo wa Taifa wa Kenya ulitokana na wimbo wa kubembeleza watoto wa Kipokomo, na kila bibi kule analijua hilo na atakukumbusha.

Kuhusu dini, usidhanie. Wapokomo wa juu, upande wa Hola kuelekea Garissa, wengi ni Waislamu. Wa chini, wengi ni Wakristo, kwa sababu wamisionari wa Kijerumani kutoka Neukirchen walifika Ngao miaka ya 1880. Hata hivyo ukoo mmoja unaweza kuwa na Juma na Yohana, ndugu wa baba mmoja, na msiba wa mmoja ni wa wote wawili. Kwa mgeni maana yake ni ndogo ndogo lakini nzito: mkutano usiuweke Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, na mbuzi wa shughuli achinjwe na Mwislamu ili kila mtu ale. Kukiwa na maziko, funga daftari uende. Kazi yako haitafanyika siku hiyo hata ukibaki ofisini, na utakaowakuta makaburini ndio hao hao uliokuwa unawatafuta.

Juu ya msikiti na kanisa kuna Gasa, baraza la wazee. Serikali ina chifu na naibu wake, nao lazima uripoti kwao, lakini mambo ya mipaka ya mashamba, viapo na ugomvi wa koo bado yana mlango wake kwa wazee. Utasikia pia habari za Ngadji, ngoma yao kuu iliyokuwa nguzo ya mamlaka, ambayo wakoloni Waingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20. Hadi leo iko British Museum, London. Mzee akianza kukusimulia hilo, kaa chini usikilize mpaka mwisho, na tafadhali usiliandike kwenye kisehemu cha "imani potofu". Ni dai la mali iliyochukuliwa, na anayekusimulia anapima kama wewe nawe umekuja kuchukua.

Ana sababu ya kupima. Skimu ya umwagiliaji ya Hola ilikosa maji mwaka 1989 mto ulipohama njia. Mradi mkubwa wa mpunga wa delta ulivunjwa na mafuriko ya El Niño ya 1997. Skimu ya Bura nayo ina hadithi yake ndefu. Kwa hiyo ukisimama barazani na karatasi ya mradi mpya, watakupigia makofi kwa adabu, kisha watangoja waone. Ukiwauliza shida zao watakujibu kwa mpangilio uleule: maji safi ya kunywa, njia ya kupita wakati wa mafuriko, na mnunuzi wa maembe, kwa maana msimu ukifika maembe yanaoza chini ya miti huku dalali akitaja bei ya matusi. La maembe si la idara yangu, lakini mwaka maembe yanapouzika, akina mama wanafika hospitali kujifungua kwa sababu nauli ipo.

Jirani wa Wapokomo ni Waorma, wafugaji, ambao ng'ombe wao hushuka mtoni kupitia njia zinazoitwa malka. Mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 ugomvi wa pande hizo mbili uliua watu zaidi ya 100. Usipande mti, usichimbe choo wala usijenge kibanda cha kliniki kwenye malka, hata kama mwenye shamba amekuruhusu. Wahudumu wako wa afya ya jamii watoke pande zote mbili. Na utani wa kabila, hata ule unaochekesha Mombasa, uache Mombasa.

Mwisho ni mtumbwi. Mwenye pondo, mti wa kusukumia mtumbwi, ndiye nahodha, hata kama ni kijana wa darasa la nane na wewe una digrii. Akisema hatuvuki, hamvuki. Vuka kabla jua halijaanza kushuka, maana jioni viboko wanatoka kwenda malishoni. Ukiona watu wamejazana, subiri safari inayofuata: Aprili 2024 mashua iliyobeba watu wakati wa mafuriko ilizama karibu na Madogo na watu wakafa. Jaketi la kuokolea lidai kituoni kwako kwa maandishi, wala usione haya kulivaa peke yako.

Dawa za malaria, chumvi za kuhara na vidonge vya kusafishia maji viagize Machi, na tena Oktoba. Ukingoja Mei, gari litaishia Garsen na wewe uko ng'ambo.