Mkeo hakukusaliti, amekuokoa na kesi

*Shangazi, shikamoo. Nina mke na watoto, na nyumba niliyoijenga kwa jasho langu. Kwa miaka 11 tumeishi vizuri na mama mmoja mjane ambaye kiwanja chake kimepakana na changu. Mwaka huu nilipotaka kujenga ukuta na banda la gari, nikagundua uzio wake umeingia kwangu mita 1.5. Nilipima mwenyewe kwa futi kamba, nikianzia kwenye ukuta wa jirani wa upande wa pili, ambaye ni mtu wangu sana, kisha nikahakikisha kwa simu. Kwenye kona ya nyuma, chini ya uzio wa yule mama, fundi wangu alikuta kipande cha zege chenye nondo katikati, akaking'oa maana kilimzuia kuchimba msingi. Kwa hiyo alama hakuna, naye hana ushahidi. Nilipanga kumleta mpima ardhi ninayefahamiana naye wakati yule mama amesafiri kwa binti yake, tumalize kazi kimya kimya. Mke wangu akaenda kumwambia kila kitu! Mama kaahirisha safari na wanawe wamekuja juu. Sasa mimi na mke wangu hatusemezani. Mke anayetoa siri za nyumba nimfanye nini?*

*Mwenye Haki*

Marahaba, baba. Pole kwa kuishi nyumba moja na mtu msiyesemezana, najua inavyochosha. Lakini umeniuliza swali moja, na barua yako imenijibu mengine mengi ambayo hukutaka niyaulize. Nitaanza na hayo.

Miaka 11 uzio umesimama pale pale. Umepita kando yake asubuhi na jioni, watoto wako wamecheza chini yake, na hukuona tatizo. Siku ulipohitaji nafasi ya gari ndipo mita 1.5 zikaonekana. Sisemi unadanganya. Nasema mwenye haja huona kile anachokitafuta, na ndiyo sababu kazi ya kupima mpaka haachiwi mwenye kiwanja.

Tazama ulivyopima. Ulianzia kwenye ukuta wa rafiki yako. Nani alikuambia ukuta ule umejengwa juu ya mpaka? Kama kweli kiwanja chako kimepungua upana, upungufu huo unaweza kuwa upande wowote kati ya pande mbili. Huenda aliyeingia kwako ni huyo mtu wako sana, na mjane wa watu hajakugusa hata kidogo. Hilo hukulifikiria, kwa sababu rafiki yako ana sauti na yule mama ulidhani hana. Linaniuma kuliko yote uliyoandika.

Mpima ardhi anayejua kazi yake haanzii ukutani kwa mtu. Huanzia ofisi ya ardhi, akachukua ramani ya upimaji pamoja na vipimo vya awali. Halafu anakwenda kutafuta mawe ya mpaka ambayo hayana ugomvi, hata kama yako viwanja kadhaa kutoka kwako, na kutoka hapo ndipo anapopima kona zako zote, zikiwemo za upande wa rafiki yako. Uko tayari kulipokea jibu la upande huo pia?

Kuhusu simu, naomba uiweke mfukoni. Simu ya mkononi hata chini ya anga wazi hukosea mita kadhaa, mara nyingi zinakaribia 5, na ukiwa karibu na kuta au miti hukosea zaidi. Ugomvi wako wote ni wa mita 1.5, yaani kosa la kifaa ni kubwa kuliko kitu unachogombania. Hata ile mistari ya viwanja inayochorwa juu ya picha za setilaiti haikuhukumii chochote. Vifaa vya mpima ardhi vinafikia usahihi wa sentimita, na bado mwenyewe hurudia kupima ili ajihakikishie.

Sasa tuje kwenye lile zege, maana uliliandika kwa haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Kipande cha zege chenye nondo katikati, kimezikwa kwenye kona, chini ya uzio ambao jirani yako anasema ndio mpaka. Baba, hiyo ina kila dalili ya kuwa jiwe la mpaka. Na kama ndilo, lilikuwa linasema maneno yale yale ya yule mama. Umeandika "naye hana ushahidi" kana kwamba ni habari njema, wakati aliyeuondoa ushahidi ni fundi wako, kwa malipo yako. Katika nchi nyingi kung'oa au kuhamisha alama ya mpaka ni kosa la jinai. Hakimu hatajali kwamba lilikuwa linamzuia fundi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ila usije ukakimbilia kulirudisha usiku. Usiliguse. Mwulize fundi amelitupa wapi, lipige picha lilipo, na shimo lilipotoka liachwe wazi na lipigwe picha pia. Jiwe likipotea mpaka haupotei nalo: mpima ardhi ana vipimo vya mawe mengine, anaweza kukokotoa mahali lilipokuwa na kulisimika upya kwa utaratibu. Na ujue kwamba kwa kawaida jiwe la asili lililowekwa na mpimaji wa kwanza, likikutwa mahali pake, hupewa uzito kuliko namba zilizoandikwa kwenye karatasi. Ukubwa wa eneo ulioandikwa kwenye hati ndio ushahidi dhaifu kuliko wote. Kwa hiyo usiende kwa watu ukipunga hati na kusema "yangu ni kubwa kuliko hivi". Kuna nchi, Uingereza ikiwa mojawapo, ambako ramani ya hati kwa kawaida huonyesha mpaka wa jumla tu, wala haikuambii mstari unapita nchani mwa kidole gani.

Sasa mkeo. Unamwita mtoa siri. Siri gani? Siri ya nyumba ni ile mliyokubaliana wawili kuifunika. Huu ulikuwa mpango wako na rafiki zako, yeye hukumshirikisha ila baada ya kuupika. Amekaa na yule mama miaka 11. Wakati wewe uko kazini, ni nani aliyekuwa akiwaangalia watoto wako mvua inaponyesha na mama yao hajarudi? Barua haisemi, lakini ninyi mnajua. Mwanamke yule aliona mumewe anakwenda kuvizia mjane aliyesafiri, akachagua aibu ndogo ya leo kuliko fedheha ya kesho mahakamani. Mimi niko upande wake, tena bila kusita.

Na niseme jambo kwa ndoa za siku hizi kwa jumla, kwa sababu barua za aina hii nazipokea kila mara. Mume anakopa mke hajui. Mke ananunua kiwanja mume hajui. Mtu anaingia ugomvi na ukoo mzima, mwenzake anausikia kwa majirani. Kisha siku ya siku anataka asimame naye "kama mke wangu". Utasimamaje na mtu kwenye vita ambavyo hukuulizwa? Wazee wetu waligombana sana, lakini jambo la ardhi halikuamuliwa na mtu mmoja amejifungia chumbani na futi kamba. Ardhi ni ya watoto. Ukikosea wewe, watakaolipa ni wao, wakiwa wanatazamana kwa chuki na watoto wa upande wa pili wa uzio.

Kumwajiri mpima ardhi ni uamuzi mzuri, uko sahihi kabisa hapo. Ulipoharibu ni kwenye siri na kwenye urafiki. Vipimo vilivyochukuliwa upande mmoja haupo, na mpimaji anayefahamiana na mlipaji, ni karatasi ambayo mwanasheria wa yule mama ataichana kwa maswali mawili. Utalipa, kisha yeye ataleta wake, mtakuwa na ripoti mbili zinazopingana, na hapo ndipo ada za mawakili zinapopita thamani ya kipande chenyewe. Nimeona familia zimeuza shamba ili kugombania upana wa mlango.

Mwache huyo mpimaji unayefahamiana naye. Pendekezeni mpima ardhi mmoja mwenye leseni, ambaye hana udugu wala biashara na upande wowote, na jina lake mlihakiki kwa mamlaka inayosajili wapimaji. Mwandikieni barua moja, yenye sahihi za pande zote mbili, mkimuuliza swali lile lile: mpaka kati ya viwanja hivi unapita wapi? Gharama mgawane nusu kwa nusu. Ukiona uchungu kulipa nusu, kumbuka anayelipa peke yake ndiye anayeshukiwa. Kabla ya kukubali bei, mwulizeni imejumuisha nini, kwa sababu wengine hutaja gharama ya siku ya kupima tu, kisha utafutaji wa ramani, kusimika mawe na kuandika ripoti vinakuja kama deni jipya. Siku ya kupima muwepo wote, na rafiki yako wa upande wa pili apewe taarifa pia. Ripoti itoke nakala mbili siku moja.

Na usimtwishe mpimaji kazi isiyo yake. Yeye anakuonyesha mstari ulipo kwa mujibu wa kumbukumbu na alama, basi. Kuamua nani ana haki ni kazi ya mamlaka ya ardhi au mahakama, pale mnaposhindwana. Tofauti hiyo ni kubwa kwako, sikiliza vizuri: hata kama mstari utaonyesha uzio umeingia kwako, katika nchi nyingi mtu aliyetumia ardhi waziwazi kwa miaka mingi bila kupingwa anaweza kudai haki juu yake. Muda hutofautiana, kwingi ni miaka 10 au 12. Wewe umenyamaza 11. Muulize wakili wa kwenu sheria inasemaje kabla hujaongeza neno lolote kwa wana wa yule mama.

Mkiona mpaka uko pale uzio ulipo, utamwomba radhi yule mama mbele ya wanawe na ukuta utarudi nyuma. Mkiona umeingia kwako kweli, bado una njia zaidi ya kubomoa: anaweza kukulipa kipande hicho, au mkakubaliana uzio usogee pale gari linapopita tu, sehemu nyingine ibaki ilivyo. Kitu chochote mtakachokubaliana kiandikwe, kichorwe na mpimaji yule yule, na kisajiliwe, vinginevyo atakayenunua nyumba yenu kesho ataanza upya. Mkeo naye atie sahihi.

Simamisha fundi leo. Msingi usiongezwe hata tofali moja mpaka mpimaji amalize. Kisha mwombe mkeo akusindikize kwa yule mama, na mkifika mwache yeye aanze kuongea, kwa sababu mlangoni pale anayeaminika kwa sasa ni yeye. Habari ya lile zege uiseme wewe mwenyewe, siku hiyo hiyo, kabla wanawe hawajaambiwa na fundi.