Mario au Rayman: jinsi nilivyochagua mchezo wa watu wanne

Nyumbani kwetu Bombo, Uganda, siku ya Iddi sebule hujaa watoto wa ndugu, na tangu tuliponunua Nintendo Switch, mashine ya michezo ya video, kila mmoja wao hutaka kushika padi ya kuchezea. Kwa hiyo nilipokuwa nikichagua kati ya New Super Mario Bros. U Deluxe, uliotoka Januari 2019, na Rayman Legends, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2013, sikutazama sana uzuri wa picha. Nilitaka kujua mtoto wa miaka 6 akitumbukia shimoni atangoja muda gani kabla ya kurudi mchezoni.

Yote miwili ni michezo ya kutazamwa kwa ubavuni: wahusika hukimbia, huruka mashimo na kukwepa maadui huku skrini ikisogea pamoja nao, na watu wanne huweza kucheza kwa pamoja kwenye televisheni moja.

Katika Mario, kila mchezaji ana roho zake za kuhesabu. Akifa hurudi akielea ndani ya povu, hadi mwenzake aliguse lipasuke. Roho zikimwishia, hukaa kando akiwatazama wenzake wakimaliza hatua. Isitoshe, wahusika hugongana, hukanyagana vichwani, na mmoja anaweza kumbeba mwingine na kumtupa. Tulipouazima mchezo huu kwa jirani, mwanangu mkubwa alimbeba mdogo wake, eti anamvusha, akamtupa shimoni mara tatu mfululizo. Mdogo aliweka padi chini taratibu, akaenda jikoni kushtaki. Ni kweli kwamba yupo Nabbit, mhusika ambaye maadui hawamdhuru, na kwa mtoto anayeanza ni msaada mkubwa. Ila akitumbukia shimoni hufa kama wengine.

Rayman hauna roho za kuhesabu. Aliyeumia huvimba kama puto, akaelea, na anaweza kujisogeza mwenyewe hadi kwa mwenzake, ambaye humpiga kofi moja tu akarudi mchezoni. Wote wakigeuka maputo, huanza tena kutoka sehemu ya karibu waliyokwishapita. Watoto hupigana makofi ovyo humo, sikatai, lakini kofi hilohilo la uchokozi ndilo linalookoa, kwa hiyo ugomvi haudumu. Zipo pia hatua za muziki, ambamo kila mruko huangukia kwenye mdundo na skrini haimsubiri mtu; humo mdogo wetu huwa puto karibu muda wote, na bado hucheka. Halafu kuna Kung Foot, mpira wa kufungana mabao kwa makofi na mateke, ambao kwetu huchezwa kuliko mchezo wenyewe, jambo lisilomshangaza yeyote anayewajua watoto wa Uganda na mpira.

Hata hivyo, kama wachezaji wako ni vijana wa sekondari wanaopenda kutaniana, ningekushauri uanze na Mario. Kule kutupana ndiko utamu wenyewe kwa rika hilo, na ndani yake mna pia New Super Luigi U, wenye hatua fupi za sekunde 100 zinazowatoa jasho hata wazoefu.

Kabla ya kulipa, hakikisha muuzaji hakupi Switch Lite, kwa kuwa hiyo haiunganishwi na televisheni na padi zake hazichomoki. Switch ya kawaida huja na Joy-Con mbili, yaani padi zake ndogo zinazochomoka, zinazotosha watu wawili kila mmoja akiilaza yake. Kwa watu wanne utahitaji jozi ya pili, nayo bei yake si ndogo. Umeme ukikatika mnaweza kuendelea kwa betri, ila watu wanne kwenye kioo cha inchi 6.2 ni kubanana mabega. Kuhusu bei, Rayman hupunguzwa mara kwa mara kwenye duka la mtandaoni, ilhali michezo ya Mario ni nadra kushuka.

Sisi tulianza na Rayman. Mario tuliununua baadaye, na hutolewa kabatini wadogo wakishalala.