Kifundo cha Mkono Kikivunjika: Maswali Yenu kwa Daktari

Daktari, mimi ni mwendesha boda wa Likoni. Mwezi uliopita niliteleza karibu na kivuko nikajikinga kwa kiganja. Picha ya eksirei ilitoka safi, nikaambiwa nimeteguka tu. Mpaka leo nikikaza klachi nasikia maumivu upande wa gumba. Nivumilie?

La, usivumilie, ndugu yangu. Inua gumba kama unayesema “sawa”. Pale chini yake patatokea kishimo. Ukipabonyeza pakauma, rudi hospitali wiki hii, na mwambie daktari kwamba ulianguka kwa kiganja.

Kifundo kina vifupa vinane vidogo, na ninachokihofia ni kile chenye umbo la korosho kilicho chini ya gumba. Kikipata ufa, mara nyingi picha ya siku ya kwanza haiuonyeshi. Ndiyo maana mgonjwa hufungwa plasta kwa tahadhari na kupigwa picha tena baada ya siku 10 hadi 14, au hupimwa kwa CT au MRI, mashine zinazoonyesha ndani ya mwili kwa kina zaidi. Wewe hukurudiwa. Mfupa huu una tatizo jingine: damu yake nyingi huingilia upande wa vidole kisha hurudi nyuma kuelekea upande wa kiwiko. Ukikatika katikati, kipande cha nyuma hukosa damu, nacho chaweza kufa.

Ikiwa vipande havijaachana, plasta ya wiki 6 hadi 12 huenda ikatosha. Vikiwa vimeachana hata milimita moja, au ufa ukiwa upande wa nyuma, tunapasua kidogo na kutia skrubu isiyo na kichwa, inayozama yote ndani ya mfupa. Wanaochelewa miezi kadhaa huhitaji pia kuchotwa mfupa kutoka nyongani ili kuziba pengo, na hiyo ni operesheni nzito zaidi. Waliokaa na ufa huo miaka mingi nimewaona: kifundo kimeliwa, hata kufungua mfuniko wa chupa ni kazi.

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 74, aliteleza kwenye vigae akienda kutia udhu. Mkono umepinda kama uma. Hospitali moja yasema awekewe chuma, nyingine yasema plasta. Tumfuate nani?

Marahaba, mwanangu. Kupinda huko ndiko alikoeleza daktari Abraham Colles wa Ireland mwaka 1814, kabla eksirei haijagunduliwa. Kwa umri wa mama, mfupa ukinyooshwa kwa ganzi na kufungwa plasta, aghalabu baada ya mwaka mmoja mkono hufanya kazi sawa na wa aliyepasuliwa, ijapokuwa huenda ukabaki umepinda kidogo. Kwa hiyo mimi nisingekimbilia kisu. Ningebadili mawazo endapo mfupa hautulii baada ya kunyooshwa, au uso wa kiungo umepasuka na kuacha ngazi, upande mmoja juu kuliko mwingine, ya milimita 2 au zaidi, na mama mwenyewe bado anautumia mkono huo kwa kazi nyingi. Muulizeni yeye pia, mkono ni wake. Na apimwe wepesi wa mifupa: aliyevunjika kwa kuanguka kidogo hivyo yumo hatarini kuvunjika nyonga.

Mume wangu alianguka kwenye jukwaa la ujenzi Kisauni, mfupa ukatoboa ngozi. Wamemsafisha na kumwekea vyuma vya nje vya kuvuta mkono. Ami zake wataka vitolewe, aende kwa fundi wa mifupa akandwe.

Mama, tafadhali msikubali. Najua ami wanasema kwa mapenzi, na wakandaji wetu tunawaheshimu, lakini mfupa uliotoboa ngozi umeshaingia uchafu. Ukikandwa usaha hupenya ndani. Vyuma hivyo vinazuia mfupa uliosagika usijikunje na kufupika. Kwa kawaida hukaa wiki 6 hivi, na wakati mwingine daktari huvibadilisha na sahani ya chuma, yaani bamba linalofungwa juu ya mfupa, ngozi ikishapona. Muulizeni muuguzi awaonyeshe namna ya kusafisha pale vinapoingilia.

Jambo la kulishika: vidole vikifa ganzi, vikibadilika rangi, au maumivu yakizidi hata baada ya dawa, msingoje kuche. Mpelekeni usiku huohuo.

Nimewekewa sahani ya chuma. Itashika kutu? Na supu ya makongoro itaniunga haraka?

Haishiki kutu; ni titani au chuma cha pua, na wengi hubaki nayo maisha. Hutolewa ikisugua kano, zile kamba zinazovivuta vidole. Supu kunywa, pamoja na dagaa, mayai na maziwa. Lakini sigara acha, maana inachelewesha mfupa kuunga.

Vidole je, unavikunja? Anza leo: ngumi kamili, kisha vinyooshe, mara kumi kila saa ukiwa macho, hata kama vimevimba.