Chagua seli moja ukae nayo: ushauri kwa anayetaka kusomea baiolojia ya misuli

Wanafunzi wa baiolojia na wa tiba ya mifugo huniuliza karibu swali lilelile: nijifunze mashine gani ili nipate nafasi ya shahada ya uzamivu? Huwa nawajibu kwamba mashine zitabadilika mara kadhaa kabla hawajastaafu, na watu wa kuzifundisha hawakosekani. Kuijua seli ndiko kunakochukua miaka. Mimi nimekuwa na seli ya msuli tangu nilipomaliza shahada ya kwanza Morogoro, na kila jambo la maana nililochapisha lilianza kwa kuitazama seli hiyo ikiwa hai, kabla ya kuitia rangi na kabla ya kuisaga ili kupima protini zake.

Msuli una neema yake: unajijenga huku unautazama. Chukua yai la kuku lililorutubishwa, liatamishe kwenye nyuzi joto 37.5 hivi, na siku ya 10 au 11 toa kiinitete uchukue msuli wa kidari. Ukatekate, utie tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, iachanishe seli, uchuje, kisha mimina kwenye sahani na usubiri kati ya nusu saa na saa moja. Fibroblasti, yaani seli za tishu unganishi, hushika sahani upesi. Mioblasti, yaani seli changa za msuli, huchelewa, kwa hiyo zile ambazo bado zinaelea ndizo utakazohamishia kwenye sahani iliyopakwa kolajeni, protini ambayo seli hupenda kushikamana nayo. Kesho yake utazikuta zimerefuka, zimechongoka ncha mbili. Siku ya pili na ya tatu zinalala ubavu kwa ubavu na kuungana: tando zinakuwa utando mmoja, viini vinajipanga ndani ya mrija mmoja. Siku chache baadaye mrija huo unaonyesha milia ya giza na mwanga, na mingine inaanza kujikunja na kujikunjua yenyewe sahanini, bila neva yoyote. Nimewaonyesha wanafunzi wengi jambo hilo na bado linanisisimua.

Yai nimelitaja makusudi. Vijana wetu wengi wanaamini utafiti wa seli hauwezekani mpaka ufike ng'ambo, na hilo linanihuzunisha, kwa sababu sehemu kubwa ya msingi wa fani hii iliwekwa kwa mayai ya kuku. Mwaka 1963 Irwin Konigsberg alionyesha kwamba seli moja tu ya msuli wa kiinitete cha kuku, ikitengwa peke yake, inaweza kuzaa kundi zima la seli ambalo baadaye linaungana na kuwa msuli. Mwaka 1968 Ishikawa, Bischoff na Howard Holtzer, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walieleza nyuzi zenye unene wa nanomita 10 hivi ndani ya seli za msuli wa kuku, nene kuliko nyuzi za aktini na nyembamba kuliko za mayosini, zile protini mbili zinazoufanya msuli ujikunje. Leo nyuzi za jamii hiyo ni sura nzima katika kila kitabu cha baiolojia ya seli. Tahadhari moja tu kwa mnunuzi: mayai ya kisasa ya dukani hayafai, maana kuku wale hawana jogoo. Tafuta mfugaji mwenye jogoo bandani na umwombe mayai yaliyotagwa siku chache zilizopita.

Kama una sahani, joto la kudumu na hadubini ya kutazamia seli hai, anza na jaribio la kalsiamu. Tangu mwaka 1969, kwa kazi ya Shainberg, Yagil na Yaffe, inajulikana kwamba mioblasti haziungani kalsiamu ikiwa chache kwenye maji ya kuzikuzia. Ongeza EGTA, ambayo inaishika kalsiamu, na seli zitajipanga vizuri kabisa lakini zitabaki moja moja. Irudishe kalsiamu, nazo zitaungana kwa wingi ndani ya saa chache. Jaribio hili halihitaji fedha nyingi, na linakufundisha kitu ambacho mhadhara hauwezi kukupa: kwamba kujipanga na kuungana ni hatua mbili tofauti, na kwamba unaweza kusimama katikati yake ukauliza maswali.

Halafu jifunze kutazama polepole. Alexander Mauro, mwaka 1961, alikuwa akichunguza msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni alipoona seli ndogo zimebanwa kati ya utando wa unyuzi wa msuli na tabaka la nje linaloufunika. Alichapisha makala fupi sana, akapendekeza kwamba huenda seli hizo zinahusika na msuli kujijenga upya. Ndizo seli shina za msuli tunazozijua leo, zinazoamka unapoumia. Misuli ilikuwa imekatwa na kutazamwa na watu wengi kabla yake. Ninapompa mwanafunzi picha huwa namtaka aichore kwa penseli kwanza, hata kama hajui kuchora, kwa sababu mkono unakulazimisha kuamua mstari unaanzia wapi na unaishia wapi.

Swali langu mwenyewe limekuwa lilelile kwa muda mrefu: sakomea hujengwaje? Sakomea ni kile kipande cha msuli kinachojikunja, chenye urefu wa mikromita 2 hadi 2.5 hivi katika msuli uliokomaa. Tangu mwaka 1954, walipochapisha Hugh Huxley na Jean Hanson, na katika toleo hilohilo la jarida la Nature Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, tunajua kwamba nyuzi za aktini na mayosini huteleza moja kando ya nyingine. Lakini kujua jinsi kitu kinavyofanya kazi hakukuambii kilivyojengwa. Mwaka 1994 Rhee na akina Sanger walipendekeza kwamba seli hujenga kwanza nyuzi za awali, zenye mayosini isiyo ya msuli na vipande vidogo vya alfa-aktinini (protini inayofunga nyuzi za aktini pamoja) vilivyokaribiana, kisha titini, protini ndefu kama springi, na mayosini ya msuli huingia, na nafasi kati ya vipande hivyo hupanuka mpaka mistari Z, yaani mipaka ya sakomea, ikamilike. Wengine walipinga na mjadala uliendelea. Mimi nilijifunza zaidi kutokana na mabishano hayo kuliko kwa makala yoyote iliyokubaliwa na wote, kwani kila upande ulilazimika kuonyesha picha zake. Kwa hiyo mdogo wangu, ukikuta swali ambalo wazee wa fani bado wanavutana juu yake, usilikimbie ukidhani limeshajaa watu.

Sasa mambo ya mikono. Faloidini, sumu inayotokana na uyoga wa Amanita phalloides, ikiunganishwa na rangi inayong'aa hushika nyuzi za aktini na kukuonyesha milia yote kwa gharama ndogo kuliko kingamwili nyingi, yaani protini zinazoshika protini moja maalumu. Lakini usizihifadhi seli zako kwa methanoli kabla ya kuitumia, itashindwa kushika; tumia paraformaldehaidi. Kwa mayosini ya msuli tafuta kingamwili ya MF20 kutoka hazina ya kingamwili iliyopo Chuo Kikuu cha Iowa, ambayo inauza bila kutafuta faida. Ukitumia C2C12, seli za msuli wa panya zinazokuzwa maabarani kizazi hadi kizazi, usiziache zijaze sahani kabla ya kuzigawa. Zenye uwezo wa kuwa msuli zitaungana na kuacha kugawanyika, utabaki na zile zisizotaka kuungana, na baada ya vizazi kadhaa utajiuliza msuli umeenda wapi. Chagua eneo la kupiga picha kwa kutazama viini peke yake, kabla ya kufungua rangi unayoipima. Hesabu asilimia ya viini vilivyomo ndani ya mirija bila kujua sahani ipi ni ipi. Programu ya Fiji, ya kuchambua picha, ni ya bure na inatosha.

Kuna jambo ambalo shule haitakuandalia. Ukisema unasomea misuli, wazazi wa watoto wenye ugonjwa wa Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, watakutafuta. Huwapata zaidi wavulana, na tangu mwaka 1987 tunaijua protini inayokosekana, distrofini, ambayo huunganisha aktini ya ndani na utando. Isipokuwepo, unyuzi unachanika kila unapojikunja, na seli zile za Mauro zinarekebisha mpaka zinazidiwa. Wameniandikia kina mama na kina baba. Jibu lako la kwanza kwao lisiwe kuhusu utafiti wako. Mimi huwaeleza kwamba dawa za jamii ya steroidi hupunguza kasi ya ugonjwa, kwamba moyo na upumuaji wa mtoto vifuatiliwe mapema, na nawasihi waende kwa daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto. Kisha, wakitaka, nawaeleza ninachotazama mimi, bila kuahidi kitu. Wengi wanataka kueleweshwa tu, na ni haki yao.

Ukifika wakati wa kuomba nafasi, muulize msimamizi unayemtaka swali moja: mara ya mwisho alikaa lini na mwanafunzi wake kwenye hadubini? Niliwahi kupita maabara ambako picha ghafi hazikuonyeshwa kikaoni, grafu tu, na hakuna aliyeweza kuniambia seli zenyewe zilikuwa na hali gani. Sikukaa. Nenda mahali ambapo picha huwekwa ukutani na kugombaniwa.

Na barua yenyewe iwe fupi. Taja swali lako kwa sentensi mbili. Ambatisha picha moja ya seli ulizokuza mwenyewe, yenye kipimo cha mikromita pembeni, na kando yake picha ya sahani ya kulinganishia, hata kama haipendezi. Andika siku ya kiinitete, saa ulizosubiri na kilichokushangaza. Mimi nikipokea barua ya namna hiyo kutoka Mbeya au Kisumu, naijibu siku hiyohiyo.