Mama alipopasuliwa mgongo: tuliyojifunza nyumbani

Nyumba yetu iko chini ya barabara, huku Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, na kuifikia lazima ushuke ngazi 38 za udongo na mawe. Nilizihesabu kwa mara ya kwanza wiki moja kabla ya mama kupasuliwa mgongo, nilipotambua kwamba nilikuwa nimeulizia bei ya operesheni, damu na dawa, lakini sikuwa nimejiuliza hata mara moja angeshukaje kurudi nyumbani.

Mama aliuza mboga sokoni kwa miaka mingi, akibeba mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso kama akina mama wengi wa Bukavu. Diski, ule mto laini ulio kati ya pingili ya 4 na ya 5 za kiuno, ilikuwa imetokeza na kuubana mshipa wa neva unaoshuka mguuni, na maumivu ya mguu wa kushoto yalikuwa yakimnyima usingizi. Ukiwa na mgonjwa wa namna hiyo, muulize daktari mapema operesheni itaondoa nini na haitaondoa nini. Sisi tulielezwa kwamba kwa kawaida maumivu ya mguu ndiyo yanayopungua kwa uhakika zaidi, kwamba mgongo wenyewe unaweza kuendelea kuuma, na kwamba ganzi huchukua miezi kuondoka na wakati mwingine haiishi kabisa. Maelezo hayo yalitusaidia sana wiki ya 3, wakati vidole vya mguu vilikuwa bado vimekufa ganzi na majirani wameanza kunong'ona kwamba amepasuliwa bure.

Kosa langu la kwanza nililifanya hospitalini, ambako jamaa ndio wanaomlinda mgonjwa usiku na mchana. Mama alitaka kuinuka, nami nikamshika kwapani nikamvuta. Muuguzi alinizuia na kunionyesha namna inayofaa: mgonjwa hukunja magoti, hugeuka ubavu mzima kwa pamoja, mabega na nyonga vikienda sawa kama gogo, kisha huteremsha miguu pembeni ya kitanda huku akijisukuma kwa mikono yake mwenyewe. Kazi ya msaidizi ni kusimama karibu na kutoa mkono ukihitajika. Jifunzeni jambo hilo kabla ya siku ya operesheni, mkilifanyia mazoezi nyumbani kwa kicheko, kwa sababu siku ile ya maumivu hakuna anayesikia maelezo.

Choo kilitusumbua kuliko kidonda. Choo chetu ni cha shimo, na kuchutama ndiko kuinama kwenyewe alikokatazwa. Seremala wa mtaani alichukua kiti cha zamani chenye mikono, akakata tundu katikati, akaongeza miguu yake urefu, nasi tukakisimamisha juu ya shimo. Kuoga nako kulihitaji mpango, kwa kuwa mama asingekubali kuoshwa na mtoto wake wa kiume hata angeumwa namna gani. Kazi hiyo aliishika dada yangu, nami nikabaki na maji na kupika. Mbabula, yaani jiko la makaa, tuliiinua juu ya matofali, ili siku mama atakapotaka kuonja sombe yake mwenyewe, mboga ya majani ya muhogo, asiiname.

Sasa nizungumzie wageni, ambao hakuna daktari aliyenionya habari zao. Jumapili ya kwanza walikuja wenzake wa likelemba, chama chao cha kuchangishana pesa kwa zamu, na mama, ambaye kwake ni aibu kumpokea mtu akiwa amelala, alikaa kwenye kanape saa mbili nzima, uso ukitabasamu na jasho likimtoka. Daktari alikuwa amemruhusu kukaa dakika 20 tu kwa mara moja, kwa sababu kukaa huulemea mgongo kuliko kusimama au kulala. Usiku ule hatukulala. Mimi ni mtoto wao. Siwezi kuwaambia wazee waondoke. Nilimwomba mama mdogo awe anakaa nyumbani siku za wageni, na yeye ndiye aliyewapokea mlangoni, akawaeleza, akawatandikia mkeka kando ya kitanda. Tafuteni mtu mzima wa kusema maneno hayo. Yeye huyo ndiye aliyemrudisha jamaa mmoja aliyekuja na mafuta ya kukanda kiuno.

Kuhusu dawa, nitasema kwa ufupi: dawa kali za maumivu kama tramadoli hufunga choo, na kujikamua chooni huumiza mgongo, kwa hiyo maji, mboga za lengalenga na mapapai visikosekane. Lakini dalili zifuatazo zisisubiri asubuhi wala ushauri wa jirani: homa, usaha au maji meupe yanayotoka kwenye mshono, shavu la mguu lililovimba na kuuma, mguu unaolegea ghafla, ganzi sehemu za siri na makalioni, au mkojo kugoma ama kutoka bila mtu kujua. Andikeni namba ya mtu mwenye gari ukutani, maana pikipiki si chombo cha kumpandisha mgonjwa huyu.

Siku ya kurudi, vijana wa mtaa walitaka kumbeba kwa kipoyi, yaani machela. Mama alikataa, na mtaalamu wa mazoezi alikuwa tayari amemfundisha: kushuka, mguu dhaifu hutangulia; kupanda, mguu wenye nguvu. Tulizishuka ngazi zote 38 kwa karibu nusu saa, nikiwa mbele yake. Baada ya hapo alitembea uani kila siku, dakika 5, kisha 10, na nilijifunza kunyamaza alipokunja uso. Sikufaulu kila mara. Nilimkuta siku moja ameinama kuokota sufuria, nikamkemea kwa sauti ambayo mtoto hatumii kwa mama yake, na nilikaa siku mbili nikitafuta namna ya kuomba radhi.

Wiki ya 6, daktari alipomaliza kumpima, mama aliuliza swali moja tu: lini atabeba tena bidoni ya lita 20. Daktari alinitazama mimi. Tumenunua bidoni za lita 2, na mama huzijaza mwenyewe bombani, moja moja, akilalamika kwamba ni za watoto.